Baba wa Watoto Mia Moja na Kumi na Wawili

Mheshimiwa Madame l'Échevine, mukubwa wa michezo kwenye commune ya Ganshoren, huku kwa wazungu, wewe mwenye umekubali kukaa kwenye kiti cha plastiki na nguo nzuri namna hiyo;

Monsieur mujumbe wa fédération, shirikisho la rugby à treize, wewe mwenye umekaa karibu na mulango sawa muntu mwenye anaogopa kukosa tram;

Wazee wa Schaerbeek, kwa ukubwa wa miaka na kwa ukubwa wa tumbo;

Ndugu zetu wa Bujumbura, na wale wa-Tanzania wawili nawaona kule nyuma, wenye watarudi nyumbani kusahihisha kiswahili changu;

Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wenye hamukualikwa lakini mulisikia kama kuna pondu ya kula;

Maman na papa, tonton na tantine, na nyinyi watoto wa club, mwenye jersey yake iko na matope asiegemee ukuta, ukuta si wetu:

Mimi Onésime, président wenu wa miaka kumi na miwili, nawasalimu wote kwa mara moja, juu mukono wangu ni mumoja na nyinyi muko wengi.

Madame l'Échevine, najua husikii hata neno moja. Maman Zaituni kando yako atakutafsiria. Pahali atanyamaza, ujue nimesema kitu kibaya.

Nimepewa dakika dix, kumi tu. Donat, président wetu mupya mwenye anaanza kazi leo, aliandika « dix » kwenye karatasi, alafu akapiga laini chini yake mara mbili. Donat ananijua.

Bon. Mbele sijaenda mbali, niwaambie ni nini hii iko juu ya meza, juu naona macho yenu yanakuja na kurudi. Ni formulaire, karatasi za kuandikisha watoto wa club, mia moja na kumi na mbili, kila mutoto yake. Kwenye kila moja, pahali pameandikwa « père », ni kusema baba, kuna jina langu: Onésime. Miaka yote fédération haikuuliza. Lakini mwaka huu fédération imeingiza karatasi ndani ya ordinateur, kompyuta yao, na ordinateur imekataa. Inasema muntu mumoja hawezi. Alafu fédération ikaandika barua: mbele ya leo dix-huit heures, saa kumi na mbili ya jioni, mimi mwenye niliandika jina nipige laini juu yake, nitie alama yangu kando, na baba ao mama wa kweli aandike lake. Ikibaki karatasi hata moja, licence, ile ruhusa ya kucheza, hakuna kwa club nzima. Na bila licence, dimanche, siku ya Mungu, hakuna muntu anacheza, wala dimanche ya nyuma yake.

Monsieur karibu na mulango njo anazingoja. Nimeshapiga laini kwenye cent onze, mia moja na kumi na moja. Inabaki moja. Kalamu niko nayo tangu asubuhi, na ile moja sijaigusa. Mutanivumilia kidogo. Nitawaambia sababu, kama nitaijua mimi mwenyewe.

Munauliza, muntu mumoja alipataje watoto mia moja na kumi na wawili? Na mimi ninauliza.

Ilianza mwaka wa deux mille quatre, elfu mbili na nne. Modeste, simama wakuone. Kaa, inatosha. Modeste ni mutoto wa Likasi, alisoma Toulouse, na kule Toulouse badala ya kuleta bibi wa ndoa alileta mufuko wenye mipira miwili. Nikaitazama. Nikamwambia: « Modeste mwanangu, hii mipira ilikaliwa na nani? » Akanieleza kama ile njo forme yake, umbo lake, na kama kuna rugby ya watu quinze, kumi na tano, na kuna rugby ya watu treize, kumi na tatu, na yetu itakuwa ya treize. Nikamuuliza wale wawili wengine walikosa nini.

Akaniomba niwe président. Juu ya nini mimi? Juu nilikuwa na veste, koti la heshima, na juu nilikuwa na pension. Kusoma, nilisoma mpaka cinquième primaire, darasa la tano, na ile cinquième niliisoma mara mbili ili niielewe vizuri.

Mambo ya mupira wenyewe, nawaambia mbele ya Monsieur wa fédération, sikuyaelewa siku ya kwanza na siyaelewi leo. Unaenda mbele, lakini mupira unaurusha nyuma. Wakikuangusha, unaamka, unausukuma mupira chini ya kisigino sawa muntu anaficha kitu. Na wakikuangusha mara sita, unawapa mupira! Unawapa, wewe mwenyewe, na hakuna muntu amekunyang'anya! Miaka kumi na miwili nimesimama kando ya terrain, kiwanja chetu, nikipiga kelele: « Musiwape! » Watoto wananiambia: « Papa, ni règlement, ni sheria. » Modeste alitaka niseme leo kama mambo hayo ya kupeana mupira yanafanana na maisha. Sitasema. Maisha hayajanifanyia vile hata siku moja.

Alors, samedi ya kwanza, jumamosi, kwenye majani ya parc kule Schaerbeek, mutaa wetu wa mwanzo, walikuja watoto onze, kumi na mumoja. Wazazi walikuja watatu. Wengine walikuwa kazini: kufagia bureau, ofisi za watu, kusukuma wazee kwenye viti vya magurudumu, kupanga vitu ndani ya magasin. Modeste akanipa formulaire. « Papa Onésime, tujazie hizi, minaenda kupanga batoto. »

Nikakaa kwenye banc. Nikasoma: nom du père, jina la baba. Nikatazama mutoto wa kwanza. Mutoto wa Marie-Jeanne, na Marie-Jeanne ni dada ya bibi ya ndugu yangu. Donc mutoto wangu. Nikaandika: Onésime. Wa pili, baba yake ananiita yaya, kaka mukubwa, tunacheza karata pamoja. Baba yake akiwa mudogo wangu, mimi ni nani kwa yule mutoto? Papa mukubwa. Nikaandika: Onésime. Wa tatu sikumujua, lakini alikula kwangu siku ya matanga ya mujomba yake. Onésime. Nikaenda vile mpaka onze, roho safi, mwandiko muzuri.

Sasa niambieni nyinyi wa Lubumbashi, nyinyi wa Kolwezi, nilidanganya? Ndugu ya baba yako, kwetu unamwita nani, unamwita Monsieur? Siku ile, mbele ya Mungu, sikudanganya. Kudanganya kulikuja nyuma.

Na ile kosa njo ilikuza club. Sisemi juu ya kujisifu, nasema juu ni vile. Club zingine zilitaka baba na mama waje wote wawili, mercredi quatorze heures, saa nane muchana siku ya kazi, na photocopie. Ni maman gani wa Schaerbeek anaweza kuacha kazi mercredi quatorze heures? Kwetu walisema: « Umupeleke tu kwa rugby, Papa Onésime atajaza. » Nilijaza ndani ya tram. Nilijaza pale Galerie d'Ixelles, kwenye salon, maman anasukwa nywele na mimi nimekaa kando yake, ananitajia tarehe ya kuzaliwa na kichwa kimeinama. Nyuma ya miaka miwili, deux mille six, tulikuwa trente et un, thelathini na mumoja.

Na njo mwaka ule Madame mumoja wa bureau alikuja kutuhesabu. Si wa Ganshoren, Madame l'Échevine, usishituke, ni wa kwingine. Akafungua classeur, faili yetu ya karatasi, akaangalia, akaangalia tena.

« Monsieur Onésime, una watoto wangapi? »

« Mwaka huu, Madame, trente et un. »

« Kwa mama mumoja? »

« Mama ni wengi, Madame. Lakini bibi yangu ni mumoja. »

Akafunika kalamu yake. Akafunua tena.

« Onze wamezaliwa mwaka mumoja. »

« Ilikuwa mwaka muzuri, Madame. »

« Na hakuna hata mumoja mwenye anabeba jina lako! »

« Madame, kwetu mutoto anabeba jina la nkambo, babu yake, ao la muntu mwenye alisaidia mama yake siku ya kuzaa. Jina la baba, baba analitumia mwenyewe. »

Akatazama Modeste. Modeste alikuwa ameenda mbali kuokota mupira mwenye haukuwa umepotea. Yule Madame akacheka, akasema anaelewa, na nikaona kabisa haelewi, akaandika kitu chake, akaenda. Ordinateur haikucheka. Njo tofauti.

Miaka miwili tena, deux mille huit, Zaituni akashuka tram na watoto tisa wa Bujumbura wamepangana nyuma yake kwa urefu. Zaituni kazi yake ni kuosha wazee na kuwalisha, donc mimi hakuniogopa hata kidogo. Akachukua formulaire, akaisoma mpaka chini, ni yeye wa kwanza.

« Mzee, huyu baba aliyeandikwa hapa ni nani? »

« Njo mimi. »

« Wewe ni baba wa Lukman? »

« Tangu dakika mbili. »

« Haya, baba. Basi mtoto wako hali nguruwe, na zile soseji zenu mnazowachomea watoto baada ya mechi zina nguruwe. Utafanyaje, baba? »

Nifanye nini? Tangu ile siku tunachoma kuku na ng'ombe, na Wakristo wamenenepa vilevile. Mwaka wenye ulifuata Zaituni akaleta mabinti. Mimi nilisema mabinti wataumia. Rayhana, uko wapi? Njo huyu. Samedi ya kwanza aliangusha vijana wane, wa tano akaenda kukaa kando ya mama yake. Leo ni yeye anafundisha wadogo, na mimi sikusema tena kitu juu ya mabinti.

Donc tulikuwa soixante, sitini, tukawa quatre-vingts, themanini. Na kila mutoto mupya, karatasi mupya, jina langu. Lakini kwa kusema kweli, kuna kitu kilikuwa kimegeuka, na sijui kiligeuka siku gani. Mwanzo niliandika juu wazazi wako kazini. Nyuma, hata mama akisimama mbele yangu na kalamu mukononi, namwambia: « Acha, maman, usichoke. » Na naandika.

Thérèse, usinitazame vile. Nitasema.

Mimi na Thérèse tumeoana quarante-quatre ans, miaka arobaini na nne. Kwenye commune, kwenye karatasi yetu, pahali pa watoto kuna laini moja ya tiret. Fupi. Hatukuongea sana juu ya ile tiret, na leo pia hatutaongea sana. Lakini nyumbani nilikuwa na classeur, na jioni naifungua, Thérèse anauliza: « Unasoma nini? » Nasema: « Mambo ya club. »

Sasa nafika pahali Donat ananijua mimi kuliko nyinyi wote.

Samedi moja ya mwezi wa tatu, deux mille onze. Tshibangu, mutoto wa Donat, alikuwa na miaka tisa. Alishika mupira, akakimbia, wakamuangusha wawili, akaangukia bega. Mufupa ukavunjika. Hakuna muntu alikosa, mupira njo vile. Ambulance ikaja, wakauliza: « Baba wa mutoto ni nani? » Modeste akafungua classeur, akasoma. Wote wakanigeukia. Nikapanda.

Mpaka hapo, bado niko muntu muzuri, ao namna gani?

Kule hôpital wakaniweka kiti kando ya kitanda. Wakanibandika hapa kifuani kikaratasi kimeandikwa « Papa ». Kila infirmière mwenye anaingia: « Papa, mushike mukono. Papa, amekula saa ngapi? Papa, analala vizuri usiku? » Nilikuwa na soixante-huit ans, miaka sitini na nane. Watu wananiita papa tangu zamani, juu ya nywele nyeupe, ni heshima tu. Lakini siku ile njo mara ya kwanza muntu ananiita papa, alafu ananiuliza mutoto amekula saa ngapi. Na nikajibu! Nilisema: « Midi, saa sita, kidogo tu. » Nilijua wapi alikula?

Mutoto akafungua macho. Akasema: « Papa iko wapi? »

Nikasema: « Niko hapa, mwanangu. »

Akanitazama. « Apana. Papa ya nyumba. »

Ndugu wageni waalikwa. Nyinyi wote, miaka mitano, munajua kama siku ile téléphone yangu ilikufa. Njo vile nilisema. Haikukufa. Ilikuwa ndani ya koti, imejaa chaji, na numéro ya Donat iko ndani. Nilijiambia: wakimaliza radio, ile picha ya mufupa, nitamuita. Radio ikaisha. Nilijiambia: wakimaliza kumufunga bega, nitamuita. Wakamufunga. Quinze heures, saa tisa, Thérèse akapiga, na nikamujibu kwa hiyo hiyo téléphone mwenye ilikuwa imekufa.

« Umeita Donat? »

« Ndiyo. Iko njiani. »

Donat hakuwa njiani. Donat alikuwa kwenye Galerie d'Ixelles, kwa coiffeur, nusu ya kichwa imenyolewa. Maman mumoja akaingia, anapiga mikono: « Tushukuru Mungu, mutoto ya Papa Onésime hakukufa! »

Donat akacheka. « Maman, Papa Onésime hana mutoto. »

« Ule wa rugby, ule mudogo. Tshibangu. »

Akakimbia na ile nusu ya kichwa. Munacheka. Na mimi ningecheka, kama ningekuwa si mimi. Alifika dix-huit heures. Kwenye guichet, dirisha la kupokea watu, akasema: « Mi njo baba. » Wakamujibu: « Monsieur, baba yuko ndani tangu quatorze heures. » Akatoa carte d'identité. Jina lake na jina la mutoto hayafanani, sawa sisi wote humu ndani. Jina langu na la mutoto hayafanani vilevile. Lakini mimi nilikuwa na kikaratasi kifuani. Akangoja kwenye couloir, nje ya chumba, baba ya mutoto, kwenye couloir, mpaka mimi nilitoka kutafuta kahawa.

Pale akapiga kelele, watu wakafungua milango: « Muzee ya bongo, ya uongo! Umeniibia mutoto! » Nikasema ile ya téléphone. Na nyinyi mulisema nini? Mulisema Donat hana shukrani. Papa Onésime amemupeleka mutoto, amekaa naye, na yeye anatukana muzee mbele ya wazungu! Wazee wa Schaerbeek mukakaa. Mukamukata amende, faini: kuku mumoja na casier, kreti nzima ya bière. Alileta. Aliomba pardon mbele ya watu kumi na wane, na mimi nimekaa kwenye fauteuil, kiti cha mukubwa, nikasema: « Mwanangu, yameisha. »

Kuku nilimukula. Alikuwa mutamu. Thérèse alimupika, akaniwekea sahani, na yeye hakula hata shingo. Alijua juu ya quinze heures. Miaka mitano amejua, na hakuambia muntu. Nilifikiri ananitunzia siri. Siku hizi nafikiri alikuwa ananingoja.

Juu ya nini nilifanya vile? Modeste amesoma, Modeste anieleze. Mimi si muntu mubaya, muliniona, niko muntu wa kuchekesha. Sikutaka mutoto wa Donat. Ningemufanya nini, miguu yangu hii? Nilitaka tu saa moja. Alafu ikawa mbili, alafu ikawa nne, na kila saa mwenye inapita, kupiga ile téléphone kunakuwa kugumu zaidi. Ni kama ile mambo ya mara sita: naona inafanyika, ni mimi mwenyewe naifanya, na sielewi.

Donat akatoa mutoto kwenye club mwaka mzima. Alafu samedi moja nikaona Tshibangu amerudi, karatasi yake bado ile ya zamani na jina langu, anakimbia, na ng'ambo ile ya terrain amesimama Donat. Hakuja upande wangu. Alileta seau, ndoo ya chokaa, akaanza kuchora laini, juu laini zetu zilikuwa ni kofia na viatu vya watoto. Tangu pale, kila samedi, yeye ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii. Deux mille treize, tulipopata terrain hapa Ganshoren, ni yeye aliandika barua, si mimi. Mimi nilitia saini na nikapigiwa makofi. Mulango wa vestiaire, pahali watoto wanavalia, ni yeye. Watoto wa Zaituni mvua ikinyesha, nani anawarudisha Schaerbeek na camionnette yake, mara tatu kwenda mara tatu kurudi? Watu wanasema Onésime amejenga club. Mimi nilijaza karatasi. Na hata karatasi, munaona leo zimefika wapi.

Miaka mitano hakunitukana tena. Ananisalimia: « Papa, mwamuka? » Namujibu. Anaenda kwenye chokaa yake. Bora angenitukana.

Donc nasema hivi, na Modeste amutafsirie vizuri Monsieur wa mulangoni. Wazee wa Schaerbeek, mulihukumu sawa kwa maneno muliyopewa. Maneno yalikuwa ya uongo, na mimi niliwapa. Murudi mukae, samedi hii ao ile ingine, na mara hii Donat atakaa kwenye fauteuil. Amende mutakayosema nitaitoa, na pardon nitaiomba mbele ya watu, si kumi na wane, wote wenye watataka kuja. Na wewe Tshibangu, uko pale na jersey namba sept, saba, umekuwa murefu kunipita. Uliniuliza papa yako iko wapi, na nilijua. Unisamehe ao usinisamehe, uko na miaka quatorze, kumi na mine, uko na wakati.

Bado karatasi.

Munajua sasa ni ya nani. Zingine niliona haya kidogo, nikapiga laini, wazazi wakaandika, wengine walicheka, mumoja akaniambia: « Enfin, Papa, barua za club zitaanza kufika kwangu! » Hii nilishindwa asubuhi, nilishindwa midi. Nilifikiri nikipiga laini peke yangu nyumbani, nitakuwa nimeiba mara ya pili. Muliona naipanda ambulance, muone nashuka.

Thérèse, nipe miwani. Asante.

Tshibangu. Né le onze janvier deux mille deux. Père: Onésime.

Napiga laini. Imepinda. Museme ni baridi ya Ganshoren. Naweka alama yangu kando, hii hapa. Basi. Pahali pa baba hapana muntu. Donat, kuya uandike.

Anasimama. Musipige makofi, tafadhali, muache muntu atembee. Tantine, toa mufuko wako njiani. Amefika. Kalamu njo hii, inaandika vizuri, nimeijaribu mara cent douze. Ameinama kwenye karatasi. Hanitazami, na sikumuomba anitazame.

Donat, unasema nini? Sema kwa micro, watu hawasikii.

« Nimesema, Papa, toka kidogo hapo mbele. Unanizibia taa, sioni pa kuandika. »

Bon. Mumesikia. Président amesema nitoke mbele ya taa.

Natoka.

Madame l'Échevine, Monsieur, ndugu zangu wote, mumenipa masikio yenu muda mrefu kuliko ile dix, na hakuna hata mumoja alikohoa ili ninyamaze. Asanteni sana.